Breki za Mbele za Pikapu ya Kijiji

Mzenga, Kisarawe
11 Machi 1979

Mdogo wangu Matano,

Salamu zikufikie huko Picha ya Ndege, wewe na mkeo Mwanne, na mama naye akipita kwenu kutoka Mlandizi umpe zake. Hapa tumeamka wazima wote isipokuwa mbuzi, nao kosa ni lao, wamekula maganda ya mihogo michungu. Mvua imeshika vizuri. Shamba la bega kwa bega, lile la kijiji kizima, tumelima upande wa bondeni, na wale wanaochelewa kila siku wamechelewa kama kawaida.

Mwanangu Mwanahalima ana mimba. Mumewe, kama ujuavyo, yuko vitani tangu mwisho wa mwaka jana, na barua zake zinakuja mbili kwa mpigo au haziji kabisa. Uzazi wa kwanza atakuja kujifungulia hapa kwangu, kama tulivyofanya sote. Mimi nitakuwa bibi, na wewe mjomba wake utakuwa babu, kwa hiyo anza kujifunza kukohoa kabla ya kuingia ndani.

Shemeji yako hajambo. Juzi alikanyaga kaa la moto jikoni akaendelea kunihadithia habari za korosho, mpaka mimi ndiye niliyesikia harufu. Kidonda si kikubwa.

Sasa nililokuandikia. Pikapu ya kijiji inataka breki mpya za mbele. Hizi zilizopo ni nzito. Ule mteremko wa kuelekea Mlandizi, pale kwenye daraja la magogo, gari inashuka na magunia na watu juu ya magunia, na mimi roho yangu haitulii. Nimesikia kuna breki za kisasa ambazo mtu anagusa tu gari inasimama. Nataka hizo. Kijiji kitaleta barua yake, wewe tafuta vifaa.

Jibu unijibu mimi, usimwandikie shemeji yako. Hapendi kuambiwa habari za gari lake.

Mimi dada yako,
Zena


Picha ya Ndege, Kibaha
2 Aprili 1979

Dada Zena,

Shikamoo. Barua yako ilikaa dukani kwa Mpemba wiki nzima chini ya mizani, ndiyo maana nimechelewa. Mwanne anasalimu. Mama alikuja Ijumaa, ana nguvu, amenigombeza kwa nywele zangu. Habari ya Mwanahalima imetufurahisha. Kukohoa nimeanza, lakini ni kwa sababu ya vumbi la karakana.

Kuhusu breki. Dada, umeniandikia kama mtu anayeagiza khanga. Fundi hawezi kutibu gari kwa neno "nzito". Naomba unijibu. Ukikanyaga pedeli, inashuka mpaka chini au inagoma juu? Gari ikisimama inavuta upande mmoja? Kuna oili inayovuja ndani ya magurudumu? Tena lainingi za mbele, vile vipande vigumu vya breki vinavyolika kidogo kidogo, nilizifunga mimi mwenyewe mwaka juzi. Kwa kazi ya kijiji zingepaswa kuwa karibu kwisha, na zikiisha zinapiga kelele ya chuma. Mnasikia kelele?

Vifaa ni shida. Magari yote mazima yamekwenda vitani, na hilo lenu lilisalimika kwa uzee wake tu. Msimamizi wetu, Bwana Evodius, anafunga stoo kwa kufuli mbili na funguo analala nazo.

Lingine, nisamehe. Miaka yote hii hujawahi kuniandikia habari za gari. Shemeji ndiye dereva, na ni dereva mzuri kuliko wengi ninaowaona hapa. Kama breki ni mbovu mbona haandiki yeye?

Mdogo wako,
Matano


Mzenga
20 Mei 1979

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumesikia kwenye redio ya mwenyekiti kwamba vita vimekwisha, au vinakaribia, kila anayesimulia ana tarehe yake. Mkwe wangu hajarudi. Mwanahalima amefika, tumbo limekuwa kubwa na hamu yake ni udongo wa kichuguu na samaki wa kukaanga, na samaki hapa ni ndoto. Mihogo ni mizuri. Mbuzi wawili walikufa.

Ulivyoniuliza nakujibu. Pedeli haishuki chini. Gari haivuti upande. Oili haivuji. Kelele hakuna.

Umeshangaa pia kwamba najua habari za gari. Nimejua kwa sababu siku hizi ninapanda mbele, katikati, kila safari. Wanawake wa hapa wananicheka. Wanasema Zena ameona mumewe anapendeza kwenye usukani, ameamua kumlinda asije akachukuliwa njiani. Niliwaambia ndiyo, kwa uzuri ule ningekuwa mjinga kumwacha. Walicheka mpaka wakakaa chini. Basi wacha wacheke hivyo hivyo.

Lakini mtoto wa Mwanahalima anakuja baada ya Idi, na unajua desturi yetu. Mzazi wa kwanza hakai peke yake ndani, mama yake anakaa naye mpaka arobaini itoke. Nimuoshe, nimkande, nimpikie uji, nisivuke kizingiti kwenda mbali. Siku zote hizo nani atapanda katikati?

Kwa hiyo breki hizo zifungwe kabla. Sikuulizi kama ni lazima. Nakuambia ni lazima.

Zena


Kibaha
17 Juni 1979

Dada,

Shikamoo. Poleni kwa mbuzi. Huku Mwanne ameanza kuuza maandazi barabarani kwa wanaosubiri basi la Dar es Salaam, na mimi ninakula yaliyoungua, kwa hiyo nimenenepa.

Majibu yako yameniambia kwamba breki ni nzima. Gari isiyovuta, isiyovuja, isiyopiga kelele, haina ugonjwa. Nilitaka kukuandikia hivyo niishie hapo. Lakini nilisoma tena ulipouliza nani atapanda katikati, nikaenda kutafuta.

Nyuma ya karakana kuna Landirova ndefu, ndugu ya pikapu yenu, ya mradi mmoja uliokwisha, imepinduka, bodi imekunjika, lakini magurudumu ya mbele hayakuguswa. Breki zake ni tofauti na zenu. Zenu zina silinda moja kila gurudumu, inasukuma shuu mbili, vile vyuma vinavyobeba lainingi, na moja kati ya hizo mbili hufanya kazi ya kweli, nyingine inasindikiza. Hizi zina silinda mbili kila gurudumu na shuu zote mbili zinashika. Juu yake kuna kile kikopo cha upepo kinachofungwa kwenye injini, kinausaidia mguu. Mtu mgonjwa anaweza kulisimamisha gari lile.

Bwana Evodius nilimkuta siku timu yake ya mpira imeshinda. Alisema kijiji kilete barua yenye muhuri, tubadilishane kwa vyuma vyenu vya zamani. Mlete gari mwanzoni mwa mwezi ujao, kabla ya mfungo.

Matano


Kibaha
14 Julai 1979

Dada,

Shikamoo. Nilifurahi kuwaona, ingawa mlikaa muda wa kunywa chai tu, na shemeji hakutaka kuingia ndani. Mwanne alidhani kakasirika. Mimi nilimwona anashuka garini. Alitazama ardhi kwanza, kisha mguu, kisha akashuka.

Gari iko tayari. Nimeondoa sahani zote mbili za breki za mbele, nimefunga zile kubwa za gari lililopinduka, mirija mipya, nimetoa upepo kwenye mirija mara tatu mpaka pedeli ikawa ngumu kama inavyotakiwa. Kikopo nimekifunga upande wa injini. Nimeijaribu kwenye barabara ya Tumbi, na kwa kweli sijafunga breki nzuri kuliko hizi tangu nijue kazi. Mwambie shemeji aziguse kwa upole.

Sasa nikuambie nilichokiona. Lainingi za mbele nilizozitoa ni nene, karibu kama siku nilipozifunga. Hazikukanyagwa. Nikashangaa, gari inashuka mteremko ule mwaka mzima, inasimamaje? Nikaingia chini ya gari. Hendibreki ya Landirova haishiki magurudumu, inashika shafti, chuma kinachozungusha magurudumu, nyuma ya giaboksi, na kazi yake ni kulizuia gari ambalo limekwisha kusimama. Lainingi zake hudumu miaka. Hizi zimeliwa mpaka chuma kinang'aa.

Mtu amekuwa akilisimamisha gari hilo kwa mkono, likiwa linakwenda, safari baada ya safari. Mkono wa dereva uko kwenye usukani. Mkono huo ni wa nani, dada?

Hospitali ya Tumbi iko hapa, natembea kwa miguu nafika. Mtu asiyesikia kaa la moto anahitaji kuonekana na daktari.

Lainingi za hendibreki nimebadilisha pia. Hilo sikumwambia Bwana Evodius.

Matano


Mzenga
30 Julai 1979

Matano,

Ramadhani njema. Nimekuomba breki, umenirudishia maswali ya mikono.

Nitakuambia kidogo, kisha usiniulize tena. Kabla ya pikapu hii shemeji yako alikuwa mtu wa kuitwa wa mwisho. Tulipohamishiwa hapa kijijini alipewa kiwanja kibovu, na hakuna aliyemuuliza maoni yake juu ya chochote. Tangu apewe funguo watu wanamsimamisha njiani, wanamuuliza habari za Mlandizi, wanamwita dereva hata msikitini. Akivuliwa hilo atakaa barazani, na mimi namjua, hatainuka tena.

Ninaogopa, mdogo wangu. Naogopa mteremko na naogopa baraza, sijui kipi zaidi. Ndiyo maana nilitaka breki ambazo mguu wowote unaziweza.

Anakuja kuchukua gari Alhamisi, peke yake, kwa kuwa mimi Mwanahalima simwachi. Mpe funguo, mpe na futari, usimpe maneno.

Zena


Mzenga
7 Oktoba 1979

Mdogo wangu,

Umepata mjukuu wa kike. Alizaliwa wiki mbili baada ya Idi, usiku wa mvua ambayo si ya msimu wake. Mama yake hajambo, ila ananiamuru kuliko mwenyekiti. Mtoto tumemwita Sikudhani, kwa sababu baba yake alirudi siku ya tatu tangu azaliwe, hana hata begi, amesimama mlangoni. Nililia mbele ya mkwe wangu bila haya yoyote.

Mimi nipo ndani na mzazi. Kwa hiyo haya ninayokuandikia nimeyasikia, sikuyaona.

Jumamosi iliyopita pikapu ilishuka mteremko wa daraja la magogo na korosho na watu wa soko, safari ya kwanza ya mzigo mzito tangu irudi kwako. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwinyijuma, alikaa mbele, mahali pangu. Wanasema gari lilishuka vizuri, polepole. Kisha mbele ya daraja likasimama ghafla, palepale, na wote waliokuwa juu ya magunia wakaja mbele pamoja na magunia. Mzee Mwinyijuma amevunjika jino na kioo kimepasuka. Mwanamke mmoja ameteguka bega. Wakapakia tena, wakaondoka, na kwenye kona ya chini likafanya vilevile. Watu walishuka wakatembea mpaka Mlandizi.

Shemeji yako, baba Mwanahalima, alirudi akakaa kitandani akautazama mguu wake. Nilimuuliza imekuwaje. Akasema, "Sijui nimekanyaga saa ngapi. Nilidhani bado sijakanyaga."

Sasa kijiji kizima kinasema breki ni mbovu. Wanasema fundi wa Kibaha kawafungia vyuma vya gari lililopinduka, na vimekuja na mkosi wake. Wanataka zitolewe, zirudishwe za zamani. Wanajua fundi ni ndugu yangu, kwa hiyo wananong'ona nikiwa mbali, lakini nyumba zetu hizi za mstari mmoja hakuna mbali. Mzee Mwinyijuma amemwandikia msimamizi wako kutaka maelezo.

Utasema nini? Sikupangii.

Zena


Kibaha
21 Oktoba 1979

Dada,

Shikamoo. Mpe hongera Mwanahalima. Mwanne ameshona kikofia, nitakituma na mtu. Mama alipopata habari alipiga vigelegele hapa uani mpaka majirani wakaja wakidhani kuna harusi.

Barua ya Mzee Mwinyijuma imefika. Bwana Evodius aliniita akaisoma kwa sauti mbele ya mafundi wote. Nilikuwa na majibu mawili. Jibu la kweli ni kwamba breki ni nzima. Breki kali inataka mguu unaopima. Mguu usiosikia unaongeza na kuongeza mpaka macho yaone kwamba gari imesimama, na hapo watu wameshaanguka. Zile za zamani zilimvumilia kwa sababu zilikuwa nzito na wewe ulikuwa pembeni. Kosa langu ni kwamba nililijua hili nilipoona lainingi, na nikafunga.

Sikutoa jibu hilo. Nimemwandikia Mzee Mwinyijuma kwamba nilikaza shuu kupita kiasi, kosa ni la fundi, gari lisitembee mpaka nije nilirekebishe. Bwana Evodius ameniondoa kwenye breki. Sasa ninaosha vipuri kwa dizeli pamoja na wanaojifunza kazi. Mikono inawasha. Wateja wa mabasi ya huku, waliokuwa wananiita kwa jina, sasa wanaita mwingine.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nakuandikia ujue nimenunua nini. Nimenunua muda ambao gari limesimama na shemeji hajavuliwa kitu. Utumie. Mlete Tumbi. Asipokuja, nikifika huko kurekebisha breki ambazo hazina kosa, nitasema mbele ya watu kwamba hazina kosa.

Nakupenda dada, na shemeji nampenda. Lakini daraja lile ni la magogo.

Matano


Mzenga, Kisarawe
2 Desemba 1979

Mdogo wangu Matano,

Marahaba, na salamu zetu sote. Kikofia kimefika, ni kikubwa, Sikudhani akikivaa kinamfunika mpaka shingo. Arobaini imetoka salama, nimevuka kizingiti, na jua limeniumiza macho.

Sikukujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Hasira imekwisha, nitakueleza ilivyokwisha.

Barua yako nilimsomea baba Mwanahalima. Alisikiliza, akaenda kulisha mbuzi aliyebaki. Siku ya tatu uliitishwa mkutano wa kijiji. Mimi nilikaa na wanawake, yeye alikaa nyuma kabisa. Mzee Mwinyijuma alisoma ile barua uliyomwandikia, ya kwamba kosa ni la fundi. Watu wakaanza. Mmoja akasema fundi wa namna hiyo hafai hata kwa mkokoteni. Mwingine akasema vijana wa Kibaha wanajifunzia kazi kwenye roho za watu. Nilitazama chini, nikasema moyoni wacha ipite.

Ndipo shemeji yako akasimama. Alikuja mbele taratibu, akitazama anapoweka mguu. Akasema, "Breki alizofunga shemeji yangu ni nzima. Mguu wangu ndio hausikii. Tangu mwaka jana breki ya gari hii ni mke wangu, ananivutia hendibreki, na nyinyi mnamcheka." Akaweka funguo mezani.

Wale wanawake waliokuwa wananicheka walinitazama, nami sikuwatazama. Nilimwona yeye tu, amesimama pale mbele, na nikamwonea fahari kuliko siku aliyopewa zile funguo. Nilidhani atarudi kukaa nyuma, lakini Mzee Mwinyijuma alimsogezea kiti chake mwenyewe, akamuuliza, kwa maoni yake, nani sasa apewe gari. Yaani walimuuliza maoni.

Akasema hajui mtu mwingine anayeijua. Mwenyekiti akauliza watu wote. Vijana wetu waliowahi kushika usukani wako jeshini bado, au Dar es Salaam. Basi nikasikia mtu anasema, "Mimi ninaijua nusu," na mtu huyo alikuwa mimi.

Walicheka, kama unavyowajua. Mzee Mwinyijuma akiwa na pengo lake aliuliza ni nusu ipi. Nikamwambia nusu ya kusimamisha. Akagusa pale palipokuwa na jino, akafikiri, kisha akasema hiyo ndiyo nusu ambayo yeye binafsi anaihitaji. Wameniandika jina. Baba Mwanahalima atakaa pembeni yangu, anisomee barabara. Ndivyo walivyokubaliana, na yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza.

Mwenyekiti anamwandikia Bwana Evodius barua nyingine ya kukusafisha. Itafika kabla yetu.

Tunakuja kwa basi Jumatatu ya wiki ijayo. Shemeji yako amekubali kwenda Tumbi, ameniomba tu nisimshike mkono mbele ya manesi. Mwanne atengeneze chai, na safari hii shemeji yako ataingia ndani. Wakati yeye yuko kwa daktari, wewe omba ruhusa kwa msimamizi wako, utafute gari lolote lenye injini na uwanja usio na watu.

Kusimamisha najua. Nifundishe kuondoa.

Dada yako,
Zena